Bi Tena, Aliyelikataa Neno "Hawezi"

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto, na mwenye maneno na jirani ayamalize kwanza, maana mtu tunayemkumbuka leo hakupenda kabisa kusikilizwa nusu nusu.

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, Bi Tena alifariki dunia hospitalini kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Ijumaa tulimzika. Narudia kwa mnaofungua redio sasa hivi: Bi Tena ametutoka. Yule mwalimu wa watoto ambao watu walisema hawafundishiki. Amekufa akiwa bado anabishana na watu hao.

Jina hilo alipewa na watoto. Ndilo neno alilolitumia kuliko yote. Mtoto anajaribu kuvaa kiatu, kinaingia upande usio wake. "Tena." Anajaribu, kinaingia. Anapigiwa makofi, anachekewa, anapewa mpira wake achezee kidogo. Halafu, "Tena." Hata marehemu mumewe alimwita hivyo. Alikuwa akisema, "Mimi nimeoa mwanamke anayenirudisha mlangoni nikisahau kufuta miguu."

Kazi yake ilikuwa tiba ya tabia kwa watoto. Ni nini hiyo? Nilimuuliza mwenyewe, hapa hapa studioni, miaka sita iliyopita. Akanigeukia.

"Mtangazaji, wewe unajua kupiga mswaki?"

Nikasema najua.

"Haya, nieleze."

Nikasema, unachukua mswaki, unatia dawa, unapiga.

Akacheka mpaka fundi mitambo akapunguza sauti. "Dawa imetokaje na kifuniko hujafungua? Kupiga mswaki kuna hatua kumi na nne, nimezihesabu. Mtoto wangu anajifunza moja. Akiiweza anafurahiwa papo hapo, kwa kitu anachokipenda yeye, siyo ninachokipenda mimi. Kesho tunaongeza ya pili. Hiyo ndiyo kazi yangu. Haina uchawi."

Kisha mimi, kwa ulimi wangu huu, nikasema, "Kwa hiyo hawa watoto wasiojiweza..."

Akanyanyua mkono. Tulikuwa hewani, wapendwa. Moja kwa moja. Akasema, "Neno hilo lirudishe ulikolitoa."

Nikalirudisha.

Sasa turudi nyuma. Bi Tena hakuanza kama mwalimu. Alianza kama mfagizi. Nasema mfagizi, na yeye alitaka lisemwe hivyo hivyo. Alifagia na kupiga deki katika kliniki ya watoto kwa miaka tisa. Na nyumbani alikuwa na mabinti wawili. Wa kwanza alikuwa msemaji, anaongea hata usingizini. Wa pili alifika miaka mitatu bila neno. Akitaka kitu, alipiga kelele. Asipoeleweka, aliuma mkono wake mwenyewe, hapa nyuma ya kidole gumba, mpaka pakaota sugu.

Alimpeleka kwa daktari wa kliniki ile ile aliyokuwa akiisafisha. Daktari akamtazama mtoto kwa dakika chache, akaandika, akafunga faili. Akasema, "Mama, huyu mlinde tu. Mlishe, mlaze, umlinde. Usitarajie mengi."

Bi Tena akamuuliza, "Mengi ni mangapi?"

Daktari akaita mgonjwa mwingine. Bi Tena akachukua ndoo yake, akarudi kazini.

Mwisho wa korido ya kliniki ile palikuwa na chumba kidogo chenye mkeka wa kijani na rafu ya vitu vya kuchezea. Humo alifanya kazi mtaalamu mmoja, mama mwembamba wa miwani, aliyefundisha watoto wanaochelewa kusema, kucheza na kujihudumia. Bi Tena akaanza kukisafisha chumba kile. Akakisafisha asubuhi. Akakisafisha mchana, watoto wakiwemo. Akakipiga deki mara tatu kwa siku, huku macho yake yako kwa mtaalamu.

Siku moja mtaalamu akamwambia, "Mama, sakafu hii itatoboka."

"Naisafisha vizuri tu."

"Unasafisha au unasoma?"

Bi Tena akaegemea fimbo ya deki. "Vyote viwili," akasema. "Nina wangu nyumbani."

Mtaalamu hakumfukuza. Alivuta kiti cha mtoto, kile kifupi, akamwambia, "Basi weka deki chini, usomee ukiwa umekaa."

Wapendwa, hapo ndipo ilipoanzia. Kwenye kiti cha mtoto, magoti yamefika kidevuni.

Dada mtu, yule binti wa kwanza, leo ni mama wa watoto watatu. Ameniambia yaliyofuata nyumbani kwao. Nayasoma maneno yake kama alivyoyasema: "Mama alinipa kalamu, akaniambia nichore kikombe kwenye kipande cha boksi. Nilikuwa na miaka minane. Nikachora. Mdogo wangu alipopiga kelele mbele ya mtungi wa maji, mama hakumgombeza. Mimi nilikaa nyuma yake, nikamshika mkono taratibu, akachukua kile kipande, akampa mama. Mama akasema 'Maji!' na maji yakaja hapo hapo. Maji kidogo, ili aombe tena. Siku ya kwanza tulifanya mara ishirini. Sakafu ilikuwa imelowa kama tumefua."

Siku kumi na saba. Siku kumi na saba mtoto anashikwa mkono, kila siku anashikwa kidogo kuliko jana. Siku ya kumi na nane Bi Tena alikuwa uani anaanika nguo. Akahisi kitu kinamgusa nyonga. Ni mtoto, na kipande cha boksi mkononi. Amekitoa mezani mwenyewe, amevuka mlango mwenyewe, amemtafuta mama yake mwenyewe. Bila kelele. Bila kujiuma.

Bi Tena aliniambia, "Nilimpa maji nikiwa nalia, akanishangaa. Yeye alikuwa na kiu tu."

Lakini msidhani alikuwa hakosei. Alikosea, na alipenda kulisema kosa lake kuliko sifa zake. Baada ya maji, akalewa ushindi. Akataka viatu, akataka kijiko, akataka mtoto akae na amtazame machoni, vyote kwa pamoja. Alimkandamiza. Mtoto akaanza tena kuuma, na safari hii hakuuma mkono wake. Aliuma wa mama.

Bi Tena akaenda kazini na kitambaa mkononi. Mtaalamu akamuuliza, "Binti yako anajua kusema ndiyo. Umemfundisha kusema hapana?"

"Kwa nini nimfundishe hapana? Si ndiyo shida yenyewe?"

"Hiyo ni haki yake. Ukimnyima maneno ya kukataa, atakataa kwa meno."

Bi Tena alisema siku ile alirudi nyumbani ameona aibu. Akaanza upya. Akamfundisha mtoto kukataa. Anamletea kitu asichokipenda, soksi ya sufu inayowasha, anamsaidia kuisukuma, anasema kwa niaba yake, "Sitaki," na soksi inaondoka mara moja. Tena na tena. Wiki sita.

Mtoto alikuwa karibu anatimiza miaka sita alipoitazama ile soksi akasema, "Taki!"

Lilikuwa neno lake la kwanza maishani. Taki, yaani sitaki. Bi Tena akaitupa soksi dirishani na kuanza kucheza jikoni, mwiko mkononi. Wifi yake alikuwepo. Akaduwaa. "Mtoto anakukatalia, na wewe unashangilia?"

"Nashangilia sana, wifi. Nyumba hii sasa ina watu wanne wanaosema."

Basi ikaja shule. Mtoto ana miaka saba, anaomba maji, anakataa soksi, anavaa viatu, anajua njia ya chooni. Mwalimu mkuu akamtazama mara moja tu, akasema nafasi hakuna. Kesho yake Bi Tena akaja akaketi kwenye benchi nje ya ofisi. Keshokutwa pia. Alikuja siku tisa, kila asubuhi kabla ya zamu yake, amevaa sare ya ufagizi, mtoto ubavuni. Alimwamkia mwalimu mkuu anapoingia. Hakusema lingine.

Siku ya tisa mwalimu mkuu uzalendo ukamshinda, akamwita ofisini. "Mama, hapa si hospitali."

"Najua, mwalimu. Hospitali ndiko ninakofanya kazi. Ningepotea njia ningejua."

"Mwanao hawezi kukaa darasani dakika tano!"

"Anaweza dakika kumi na moja," akasema Bi Tena. "Nimepima." Akatoa mfukoni saa ya jikoni, ile inayolia kengele, akaiweka mezani kwa mwalimu. "Mwezi uliopita alikuwa anaweza nne. Nyinyi mnapima nini hapa, anachokiweza leo au anachojifunza?"

Mwalimu mkuu aliitazama ile saa. Mtoto alikuwa kwenye benchi siku ya tisa hiyo, ametulia, anazungusha kifungo cha gauni lake. Akapewa mwezi mmoja wa majaribio. Alikaa shule ile miaka saba.

Sitawadanganya kwamba alipasi kila somo. Hisabati ilimshinda, kama ilivyonishinda mimi. Lakini leo ana miaka thelathini na minne. Anafanya kazi katika duka la kufulia nguo, anakunja mashuka, na bosi wake anasema pembe zake hukutana kuliko za mtu yeyote pale. Maneno yake ni machache. Mengine anayaonyesha kwa picha kwenye simu. Na anayoyasema anayamaanisha.

Bi Tena naye akasoma. Aliomba kliniki imruhusu kuhudhuria mafunzo ya wasaidizi wa tiba ya tabia, msimamizi akamwambia mafunzo yale si ya wafagizi. Akayafuata kwingine, Jumamosi kwa Jumamosi. Mtihani alifeli. Akarudia, akafeli. Mara ya tatu akapasi, ana miaka arobaini na moja. Cheti akakipeleka kwa msimamizi, si kuomba kazi. Alikwenda kuaga.

Mwaka uliofuata akafungua kituo chake katika chumba kilichokuwa gereji ya pikipiki. Watoto kumi na wawili. Mlangoni akaandika kwa mkono wake: "Fimbo iache nje, pamoja na mwenye nayo." Maana walikuwepo, wapendwa, wazazi waliokuja na fimbo wakidhani ni kifaa cha masomo.

Sasa nawapeleka kwenye kikao ambacho wakazi wa mtaa ule hawatakisahau. Mwaka wa tatu wa kituo, majirani walichoka. Kelele nyingi, walisema. Watoto wetu wataiga. Wageni wanauliza maswali. Wakaitisha kikao wapige kura kituo kiondoke. Watu walimshauri Bi Tena awalete watoto wake wawili watatu wenye adabu, kikao kiwaonee huruma.

Akasema, "Watoto wangu si maonyesho."

Alikwenda peke yake, na mfuko. Ndani ya mfuko mlikuwa na glavu nene za mchomelea vyuma na shati la vifungo vidogo. Akamwomba mwenyekiti wa kikao avae glavu, kisha avae shati na kufunga vifungo vyote. Mwenyekiti, mtu mzima mwenye kitambi na heshima zake, akakubali kwa kicheko. Bi Tena akampa kijana mmoja ndoo, aipige karibu na sikio la mwenyekiti. Akampa mwingine tochi, ammulike usoni. Na yeye mwenyewe akasimama mbele yake anasema, "Fanya haraka. Niangalie machoni. Mbona mkaidi? Wenzako wote wanaweza. Haraka!"

Dakika moja haikuisha. Mwenyekiti akavua glavu, akazitupa chini, akapaza sauti, "Basi! Sitaki!"

Vijana wakashusha ndoo na tochi.

Bi Tena akapiga makofi. "Vizuri sana, mwenyekiti. Umetumia neno. Hukumuuma mtu. Hiyo uliyoisema sasa hivi, watoto wangu huifanyia kazi mwaka mzima, na nyinyi mnaiita kelele."

Watu walicheka, wengine walifuta macho. Kisha wakapiga kura. Na Bi Tena akashindwa, thelathini na moja kwa kumi na nne.

Ndiyo, wapendwa, alishindwa. Waliocheka na waliofuta macho walimpigia kura ya kuondoka. Akaondoka. Alihamia nyumba ya tatu, mtaa ule ule, maana kura ilitaja gereji tu. Seremala mmoja, aliyekuwa miongoni mwa wale kumi na wanne, alimpa ghala lake la mbao. Jumatatu asubuhi watoto walewale wakapita mbele ya milango ileile, wanasalimia nyumba hadi nyumba, maana somo la wiki ile lilikuwa kusalimia. Mwenyekiti hakumwamkia Bi Tena mpaka kifo. Si kila ugomvi unaishia kwa kukumbatiana, na yeye hilo halikumnyima usingizi.

Watoto zaidi ya mia mbili walipita kituoni kwake katika miaka ishirini na moja. Nilitaka kumwuliza juu ya waliofaulu. Akanikatiza: "Kila mtu ananiuliza hao. Hebu niulize aliyenipotea."

Alikuwa binti wa miaka minane. Alikuwa mkimbiaji, mlango ukiachwa wazi yuko barabarani. Walishaanza kumfundisha kusimama akisikia neno "ngoja," na alikuwa anasimama, mara tatu katika kumi. Baba yake akaona tatu ni chache. Akamtoa, akamfunga nyumbani kwa kitambaa, mguu kwenye kitanda. Bi Tena akaenda kubisha hodi. Akafukuzwa. Akarudi Jumamosi iliyofuata. Alikwenda Jumamosi kumi na moja, na mara ya tano alikwenda na maofisa wa ustawi wa jamii, wakaambiwa mtoto yuko kwa bibi yake. Jumamosi ya kumi na mbili alikuta kufuli. Wamehama. Hakumpata tena.

"Mara tatu katika kumi," aliniambia. "Unajua maana yake, mwanangu? Alikuwa ameanza."

Tufike kwenye mazishi. Binti wa pili alipofiwa na mama yake, baba mdogo wa ukoo alitoa agizo: yule asiletwe makaburini, atapiga kelele, atatuaibisha. Dada mtu alikaa sakafuni na mdogo wake Jumatano na Alhamisi, wakachora picha sita. Gari. Watu wengi. Watu wanalia. Shimo. Udongo. Nyumbani. Wakazipitia picha zile mara kumi na moja.

Ijumaa alikuja. Amevaa vizibo vya masikio, ameshika picha zake kwa mpangilio. Alisimama mstari wa mbele dakika arobaini. Nilikuwepo, nilimwona. Jeneza lilipoanza kushushwa akaanza kuyumba yumba na kutoa sauti, sauti nzito ya chini chini. Baba mdogo akamshika mkono wa gauni amvute nyuma.

Akautoa mkono wake. "Sitaki," akasema. "Mama yangu."

Na dada mtu akaongeza, wala hakushusha sauti: "Baba mdogo, hapa sote ni wasindikizaji. Mwenye msiba ndiye huyu."

Hakuguswa tena. Aliimba ile sauti yake mpaka mwisho, na mimi nawaambia kweli, sikuisikia aibu popote pale makaburini.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki cha redio natoa pole kwa mabinti wawili wa Bi Tena, kwa wajukuu watatu, kwa walimu sita aliowafunza, kwa seremala, na kwa yule mtaalamu wa miwani, ambaye sasa ni bibi wa miaka themanini na alikuja mazishini kwa mkongojo. Mungu awape nguvu. Tangu Jumanne napokea ujumbe mwingi, na mmoja unasema: "Amehangaika bure, wale watoto hawajapona." Ndugu uliyeandika, Bi Tena hakuwahi kuahidi kumponya mtu. Aliahidi kufundisha. Anayeomba maji leo, jana alikuwa anajigonga ukutani. Kama hilo ni bure, basi mimi na wewe hatukubaliani, na programu hii nayo haikubaliani na wewe.

Ninyi wengine, nawaomba mtafakari milango iliyofungwa katika nyumba zenu na za jirani zenu. Na kabla sijawaambia nyinyi, nijisemee mwenyewe. Dada yangu ameniruhusu.

Nina mpwa. Ana miaka minne, hajasema neno. Kwa miaka miwili, wageni wakija nyumbani tumekuwa tukiwaambia amelala. Hakuwa amelala. Alikuwa chumba cha nyuma, na mimi, mjomba wake, ninayewahubiria nyinyi kila wiki, niliongeza sauti ya redio ili asisikike.

Leo asubuhi, saa mbili, ghala la seremala lilifunguliwa kama kawaida. Tulikuwa mlangoni, dada yangu, mimi na mtoto. Alilia dakika ishirini. Akamrushia mwalimu kiatu. Mwalimu akakiokota, akakiangalia, akasema, "Amekivua mwenyewe? Vizuri, tunaanzia hapo."

Kesho tunakwenda tena, tuanze kiatu cha pili.